KILA SHIMO LISHIKE MAJI YAKE
Habari za wakulima wa Mbinga na wavuvi wa Ziwa Nyasa, na mafunzo yake kwetu

Ndugu Wanachama,

Tangu niliporudi kutoka bara wengi wenu mmeniuliza: Katibu wa chama cha karafuu alikwenda kutafuta nini katika nchi ya kahawa? Swali hili ni la haki, na leo nitalijibu. Lakini kwanza yanipasa niungame kosa langu mwenyewe, maana bila ya hilo hamtafahamu kwa nini nilisafiri.

Shamba langu, kama mashamba mengi ya kisiwa chetu, liko kilimani, na chini yake pana bonde la mpunga. Kabla ya masika ya mwaka juzi nilifyeka chini ya mikarafuu yangu hata ardhi ikawa tupu kama uwanja wa kuanikia. Nikajiona mkulima hodari. Mvua ikaja, tena si ile tuliyoizoea ya siku nyingi kidogo kidogo, bali mvua ya usiku mmoja. Kulipokucha mizizi ya mikarafuu ilikuwa nje, na udongo wangu umelala juu ya mpunga wa jirani yangu wa bondeni, mama mjane mwenye watoto. Alipopanda kuja kunieleza, nilimjibu, "Mama, mvua ni ya Mungu, mimi nifanyeje?" Akanyamaza, akarudi zake bondeni.

Jibu lile lilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili nilikwenda kuipata Mbinga.

NGORO NI NINI?

Kutoka Songea hata mji wa Mbinga ni mwendo wa kiasi cha kilomita 100. Ukiupita mji unaingia katika milima ya Wamatengo, ambayo vilele vyake vyakaribia mita 2,000 juu ya bahari. Mvua yao ni msimu mmoja tu, tangu Novemba au Disemba hata Aprili, na hunyesha kwa nguvu. Miteremko ni mikali sana. Mtu wa kwetu angesema hapa hapalimiki, na akilima mara moja mvua moja itachukua kila kitu. Nao wanalima pale pale, baba kwa mwana, kwa zaidi ya miaka 100.

Siri yao ni mashimo waitayo ngoro. Ukisimama upande wa pili wa bonde utaona mlima mzima umejaa vishimo vya pembe nne kama sega la nyuki. Kazi yake yaenda hivi. Mvua zikikaribia kwisha, wanaume hufyeka majani, nayo huachwa yakauke. Kisha majani hayo hupangwa chini kwa mistari inayokatana, yakafanya vyumba vya kiasi cha mita moja na nusu kila upande. Hapo wanawake hushika majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuyafunika majani. Pabakia shimo katikati na matuta pande zote nne, na ndani ya matuta yamezikwa majani ambayo huoza yakawa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharagwe kwanza, na msimu unaofuata mahindi. Magugu yakipaliliwa hutupwa shimoni, nayo yakawa mbolea ya baadaye.

Basi mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika yakawa mto, hutulia na kuzama, na udongo uliochukuliwa kutoka juu ya tuta huangukia shimoni badala ya kwenda kwa jirani. Shamba la juu halilitumii shamba la chini taabu yake. Niliposimama mbele ya mashimo yale nilimkumbuka yule mama wa bondeni, nikaona haya. Mvua ilikuwa ya Mungu, lakini udongo ulikuwa wangu.

Jambo hili hawakufundishwa na mkoloni. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19, vita vya Wangoni vilipoenea, Wamatengo walisongamana milimani ili kujihami, na watu wengi juu ya ardhi haba hawana budi kuitunza. Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, A. H. Pike, aliandika habari za kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akiona ajabu. Na yafaa tukumbuke yaliyotokea kwingineko. Katika milima ya Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 wananchi wakakataa kwa ghasia, hata mtu akafa. Mlima ni mlima, na tuta ni tuta. Tofauti ni kwamba huku waliamrishwa, na kule waliamua wenyewe. Kazi ya kuokoa ardhi haidumu ikiwa wanaoifanya hawakuulizwa.

KAHAWA, CHAMA NA KINU CHA MAJI

Msidhani, lakini, kwamba kule hakuna shida. Kahawa iliingia Umatengo katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 wakulima wakapata chama chao cha ushirika, NGOMAT, yaani Wangoni na Wamatengo pamoja. Kwa miaka mingi kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na baadaye vikarudishwa. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakavunjika na bei ikaanguka. Katika miaka ya 1990 biashara ikaachiwa watu binafsi, chama kikuu cha wilaya kikadhoofika, na mbolea na dawa zikapanda bei. Mkulima aliyekosa fedha ya kahawa alifanya nini? Alishuka kwenye misitu ya miombo, akakata miti, akalima chakula. Sisi tulioona bei ya karafuu ikipanda na kushuka tusimlaumu. Mwenye njaa hakati mti kwa ujinga. Anayetaka msitu usimame, na atazame kwanza bei anayolipwa mkulima.

Wako waliotafuta njia nyingine. Kuanzia mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wataalamu wa Kijapani, walikaa na watu wa kijiji cha Kindimba. Wamatengo walikuwa na desturi ya kale iitwayo sengu, ambapo wazee wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao. Jina hilo likafufuliwa, ikawa kamati ya kijiji. Watu wakatoa nguvu zao, kikajengwa kinu cha kusaga kinachoendeshwa na maji ya mto. Hapana haja ya kueleza faida yake kwa wanawake, ambao ndio wanaobeba mahindi.

Hapa pana akili ya kujifunza. Kinu cha maji hakigeuki bila ya maji, na mto haudumu kiangazi ikiwa chemchemi iko uchi. Kwa hiyo vikundi vya wananchi vikaotesha miche na kupanda miti, na wengine wakachimba mabwawa ya samaki. Hawakupanda kwa sababu ya hotuba. Walipanda kwa sababu kila mmoja aliuona unga wake ndani ya mti ule.

Nalo suala la haki lipo. Katika ngoro jembe zito la kufunika majani ni la mwanamke, na fedha ya kahawa kwa desturi ilikuwa ya mwanamume. Mkisema ardhi imeokolewa, yafaa pia kuuliza imeokolewa kwa mgongo wa nani, na nani alikaa mezani siku ya kugawana.

ZIWANI

Kutoka Mbinga barabara ya lami hushuka kiasi cha kilomita 66 hata Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012. Unapofika chini waliona ziwa lote, na ng'ambo yake Malawi. Pwani hiyo, tangu Lituhi kupita Liuli hata mpaka wa Msumbiji, watu huishi kwa mihogo, mpunga na samaki. Usipa uliokaushwa juani huenda mbali sana.

Yuko samaki mmoja aitwaye mbasa. Huyu huishi ziwani, lakini wakati wa kuzaa hupanda mito, kama Ruhuhu, akatafuta changarawe safi ya kutagia. Sasa fikirini. Mlima ukiachwa uchi huko juu, mto hushuka mwekundu, na matope yakafunika changarawe. Mvuvi wa Lituhi hajawahi kushika jembe la mlimani, lakini wavu wake hupungua kwa kosa lililotendwa juu. Kumbe ngoro za Wamatengo zalinda pia chungu cha mvuvi asiyewajua. Huu ndio ujirani.

Wala tusisahau kwamba wilaya hiyo hiyo ya Mbinga ina machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kazi mwaka 2011. Makaa ni ajira na ni kodi, naye mwenye nyumba karibu na machimbo au njia ya malori anayo haki ya kuuliza habari za vumbi na maji yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka miradi mikubwa ichunguzwe kwanza, na wananchi wasikilizwe. Haki hiyo imeandikwa, lakini ni kama jembe ukutani. Halilimi mpaka lishikwe.

DUNIA NAYO NI MLIMA

Sasa lipanueni jambo hili. Wataalamu wa dunia wamethibitisha kwamba moshi wa makaa, mafuta na gesi, pamoja na kukata misitu, umeongeza joto la dunia na kuvuruga mvua. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya moshi huo. Nchi tajiri zilifyeka shamba la juu miaka mingi, zikaota mali, na matope yanatuangukia sisi wa bondeni. Machi 2023 Kimbunga Freddy kilipiga kusini ya Malawi, milima ya Blantyre ikaporomoka juu ya nyumba za maskini, na mamia wakafa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaja hata pwani yetu ya Tanzania. Wazee wetu walituachia habari za tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha mingi ya Pemba. Mti wa karafuu hupandwa na babu ukachumwa na mjukuu. Tufani huuangusha kwa usiku mmoja.

Katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022, mataifa yalikubali kuweka mfuko wa kuzisaidia nchi dhaifu kwa hasara za tabia ya nchi, na mwaka 2023 huko Dubai ukaanza rasmi. Ni jambo jema, maana mwenye shamba la juu amekubali walau kwamba udongo ni wake. Lakini mimi ninayedai kwa mkubwa, nimemlipa nini jirani yangu? Mwenye kudai haki na aanze kwa kuitoa.

NASI JE?

Niliporudi nilishuka bondeni. Nilimwomba yule mama radhi, nikampa mpunga wa kufidia kadiri nilivyoweza, naye akanisamehe kwa maneno mafupi. Kisha nilichimba mitaro ya kukinga maji, kukata mteremko na si kufuata mteremko, na majani niliyoyafyeka nikayalaza kwenye kingo zake. Ngoro zenyewe hazifai chini ya mikarafuu, maana zingekata mizizi, lakini shauri lake lafaa. Kazi ilinichukua wiki mbili na vibarua wawili. Masika yaliyopita maji yaliyofika bondeni yalikuwa meupe.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mkuu maneno manne, myafikiri kabla ya kuja:

1. Kila mwanachama mwenye shamba la kilimani asiache ardhi tupu kabla ya masika. Aache mistari ya majani, na achimbe mitaro ya kukinga maji. Asiyeweza kwa uzee au ugonjwa, wenzake wa jirani wamsaidie kwa zamu.

2. Tuoteshe miche ya mikarafuu kujaza mapengo ya miti iliyokufa, na miti ya asili kuzunguka chemchemi zetu.

3. Tuwaalike mkutanoni wakulima wa mpunga wa mabondeni na wachumaji wa karafuu, wapewe nafasi ya kusema. Hao hawana kadi za chama, lakini hasara zetu huwafikia wao kwanza.

4. Kila tawi liweke daftari la mvua na hasara: siku gani imenyesha, karafuu kiasi gani zimeharibika majamvini, miti mingapi imeanguka. Wakubwa wakikaa kugawa fedha za mfuko ule, tuwe na hesabu mkononi. Malalamiko bila ya hesabu hayafiki mbali.

Najua wako watakaosema neno la tatu ni zito, na kwamba chama ni cha wenye mikarafuu. Nawaheshimu. Lakini nimeona mlima uliosimama miaka 100 na zaidi kwa sababu kila shimo lilishika maji yake na halikumtupia mwenziwe. Chama nacho ni kama mlima huo. Shimo moja likipasuka huko juu, yote ya chini yatajaa matope, na mwisho mlima wenyewe huanguka pamoja na aliye kileleni.

Basi njoni mkutanoni, nanyi wa mabondeni mtakaosomewa habari hii, njoni pia. Majamvi yatatandikwa.

Wenu katika kazi,
KATIBU