Tembe wako ataanza kutaga lini?

Wiki hii safu yetu inaingia uani. Katika nyumba nyingi wapo tembe wawili watatu ambao mama mwenye nyumba huwaangalia kila asubuhi kwa jicho la matumaini, na swali lake ni moja tu: "Hawa mbona hawatagi?" Wengine subira huwaishia, kisu kikanolewa. Kabla hujafika huko, soma kwanza.

Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula mwenyewe kwa kawaida huanza kutaga akiwa na miezi 6 hadi 8. Chotara kama Kuroiler au Sasso huanza kwenye miezi 5 hivi. Kuku wa kisasa wanaofugwa kwa ajili ya mayai tu huanza wakiwa na wiki 18 hadi 20. Kwa hiyo jirani mwenye kuku wa kisasa akianza kukusanya mayai na wewe tembe wako wa rika lile lile bado anazurura tu, usidhani umefanyiwa hila. Ni mbegu tofauti.

Dalili zipo. Upanga wa kichwani, ambao ulikuwa mdogo na wa rangi hafifu, hukua na kuwa mwekundu. Tembe huanza kutetea, huingia kila pembe akitafuta mahali pa kutagia, na ukimsogelea huchuchumaa na kutandaza mabawa. Mshike taratibu, upapase ile mifupa miwili ya nyonga karibu na tundu la kutolea mayai. Ikiwa hapapiti hata kidole kimoja kati yake, bado. Vikipita vidole viwili au vitatu, andaa kiota.

Sasa tuchukue mfano wa Kwamkoro, kule Amani katika Usambara Mashariki, kwenye mashamba ya chai. Ni zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi, ukungu nao hauishi. Kuku wa hapo akinyeshewa na kulala kwenye unyevu, chakula kidogo anachopata hukitumia kujipasha moto kabla ya kufikiria yai. Ukimtupia pumba ya mahindi peke yake, anashiba lakini hajengi mwili. Mchanganyie mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, mchwa na majani mabichi. Tatizo la mwanga hatuna sana. Ulaya kuku wengi hupunguza au huacha kutaga wakati wa baridi kwa kuwa mchana ni mfupi, lakini kwetu huku karibu na Ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Ila ukimfungia kwenye banda la giza mpaka jua limepanda, umemtengenezea Ulaya yako mwenyewe.

Minyoo, utitiri na viroboto nao humchelewesha. Damu inayonyonywa usiku kucha itatengeneza yai saa ngapi?

Na huenda anataga, wewe ndiye hujui! Nyumba iliyozungukwa na vichaka vya chai ina maficho mengi. Ukiona ameanza kutetea lakini yai halionekani, mfungie kwenye banda lenye mwanga, chakula na maji mpaka saa 5 asubuhi kwa siku tatu nne. Ukikuta mayai kichakani usiyoyajua umri, yatie kwenye maji: lililozama na kulala ni bichi bado, linaloelea litupe.

Mayai ya kwanza huwa madogo, mengine hayana kiini, mengine yana ganda laini au doa la damu kwa nje. Usiogope, baada ya wiki chache hukaa sawa. Ganda laini likiendelea, ujue chokaa imepungua. Ganda moja huchukua kama gramu 2 za madini hayo, na akiyakosa kwenye chakula huyatoa kwenye mifupa yake. Chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yasage yawe unga kabisa. Ukimpa vipande vikubwa anaweza kujifunza kula mayai yake. Lakini usimharakishe tembe mchanga kwa kumpa mapema chakula cha kuku wa mayai: chokaa nyingi kabla ya wakati huharibu figo zake.

Kabla hajaanza kutaga hakikisha pia amechanjwa dhidi ya kideri. Chanjo ya matone ya jicho, tone moja kila baada ya miezi 3, ni rahisi. Inauma kumlea kuku miezi saba ukampoteza wiki ile ile anayotetea.

Tuje kwenye usafi, maana hapa ndipo wengi tunapoteleza. Kwa sababu ya baridi na kicheche, watu wa milimani huwalaza kuku jikoni au chumbani. Asubuhi kinyesi kipo sakafuni, mtoto anayetambaa anakigusa na kupeleka mkono mdomoni. Hata mkeka wa kuswalia hausalimiki. Kinyesi hicho hubeba vijidudu vya salmonela vinavyoleta homa, kuhara na kutapika, na kwa mtoto mdogo kuhara si jambo la kusubiri kesho. Banda dogo la miti lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye paa lisilovuja na mlango wa kufunga, linatosha. Kiota weka mahali penye kivuli, tandika majani makavu, na uyabadilishe yakichafuka.

Okota mayai kila siku, kisha unawe mikono kwa sabuni. Yai lenye uchafu kidogo lipanguse kwa kitambaa kikavu. Usilitie kwenye maji baridi ukalihifadhi, kwa sababu ganda lina vitundu vidogo na maji baridi husaidia vijidudu kupenya ndani. Lioshe pale tu unapotaka kulipika. Lenye ufa usiliweke. Na wale vijana wanaomeza yai bichi ili wapate nguvu, nguvu hiyo hiyo ipo kwenye yai lililochemshwa mpaka kiini kikakauka, bila hatari. Mtoto na mama mjamzito nao wapewe yai hivyo hivyo; mila ya kuwanyima mayai inawanyima protini wanayoihitaji kuliko mwenye nyumba.

Mwisho ni dawa. Ukimpa kuku anayetaga antibaiotiki, dawa hupita mpaka kwenye yai. Muulize afisa mifugo au soma kwenye pakiti ni siku ngapi za kusubiri. Mayai ya siku hizo usile, usiuze, wala usimpe jirani. Yafukie.