Soko la Kau: Bandari ya Mtoni na Lugha ya Mgeni

Meli za watalii zinapotia nanga Mombasa, baadhi ya abiria huteremka kwa saa chache, wakazuru Marikiti kununua viungo, kisha hurejea chomboni kabla ya jua kuchwa. Kiswahili wanachoondoka nacho aghalabu ni salamu moja au mbili. Desturi ya mgeni wa chomboni kushukia sokoni ni kongwe katika mwambao wetu. Kilichobadilika ni muda wa kukaa. Makala haya yanaeleza uhusiano wa muda huo na lugha kwa kuangalia soko la Kau.

Kau ni kijiji kilichoko ukingoni mwa mto Ozi, juu ya Kipini, katika eneo la Garsen. Katika karne ya 19 palikuwa mji wa biashara. Mashua zilizotoka baharini zilingoja maji yajae ndipo zipande mto. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne hiyo, uliunganisha Tana na Ozi, na mitumbwi ya Wapokomo ikapata njia ya kuteremsha mpunga na mahindi. Waorma walileta ng'ombe, samli na ngozi. Pembe za ndovu nazo zilitoka bara. Wafanyabiashara wa pwani walileta shanga, kaniki na merikani, kitambaa ambacho jina lake lingali linataja nchi kilikotoka.

Mfanyabiashara huyo hakuweza kununua na kuondoka papo hapo. Alifungwa na bamvua na maji mafu, akafungwa na kaskazi na kusi, akafungwa pia na msimu wa mavuno. Kungoja kulimlazimu kuzungumza. Alihitaji kujua kibaba na pishi, ambayo ni vibaba vinne, na frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Alihitaji dalali, mdhamini na mtu wa kumfikia.

Kwa Mpokomo mazungumzo hayo yalikuwa mepesi kiasi. Nurse na Hinnebusch (1993) wanakiweka Kipokomo pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro katika kundi la Kisabaki. Kiorma, kwa upande wake, ni lugha ya Kikushi. Hapo msamiati wa pamoja haukurithiwa bali ulijengwa kwa kununua na kuuza. Kwa hiyo soko lilikuwa zaidi ya mahali pa bidhaa: mkulima, mfugaji na baharia walijifunza humo kwamba kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Funzo hilo si la kale tu. Mapigano ya wakulima na wafugaji katika delta ya Tana mwaka 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Maji ya chumvi nayo yamepanda mto Ozi na kuharibu mashamba ya mpunga na miembe. Mpunga ukikosekana, majina ya aina zake, ya vipimo vyake na ya vyombo vya kuupepetea hukosa wa kuyataja.

Wanafunzi wa Kiswahili huenda masokoni kutafuta misimbo ya vijana na lugha ya matangazo, na hilo ni jema. Hata hivyo, wazee wa Kau, Ozi na Kipini wanastahili kusikilizwa mapema. Kazi hiyo haitamalizika kwa ziara ya saa chache. Mtafiti naye hana budi kungoja maji.