Joto Lisilopata pa Kutokea

Lytton ni kijiji cha watu wasiozidi mia tatu, magharibi mwa Kanada, pale mto Thompson unapoingia mto Fraser. Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021 kipimajoto cha hapo kilipanda hadi nyuzi 46.6 za Selsiasi, na rekodi ya Kanada nzima, nyuzi 45 iliyokaa tangu mwaka 1937, ikavunjika. Jumatatu kilisoma 47.9. Jumanne, 49.6. Rekodi za joto huvunjwa kwa nukta mbili tatu. Hii ilipitwa kwa nyuzi 4.6 ndani ya siku tatu, tena katika nchi ambayo wengi wetu tukiisikia tunawaza theluji. Hakuna kipimo rasmi cha Ulaya wala cha Amerika Kusini kilichowahi kufika hapo. Jumatano jioni moto ukaingia kijijini ukala sehemu kubwa ya nyumba, na watu wawili wakafa.

Habari hii nilimhadithia fundi wangu wa friji hapa Tanga, siku niliyompelekea friji iliyokuwa ikinguruma usiku kucha bila kugandisha hata kikombe cha maji. Alikuwa amepiga magoti nyuma yake na hakuinua kichwa. "Jua hilo, bwana. Jua limezidi. Hao wanaosingizia moshi wa magari wanatafuta ulaji tu."

Mtu asimcheke. Katika mabishano yote kuhusu chanzo cha joto hili, hoja ya jua ndiyo yenye akili kuliko nyingi ninazozisikia. Joto letu karibu lote linatoka huko. Likizidi, wa kwanza kuulizwa awe nani?

Basi jua limeulizwa. Tangu mwaka 1978 ukali wake unapimwa na setilaiti, juu kabisa ambako hakuna wingu wala vumbi. Unapanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11, na tofauti kati ya kupanda na kushuka ni kama sehemu moja katika elfu. Ukiacha huko kupanda na kushuka, haujaongezeka. Ni dunia iliyozidi kupata joto, muongo baada ya muongo, na jua lake ni lile lile.

Lakini ushahidi ninaoupenda mimi hauko kwenye jua. Uko kwenye usiku. Lau jua ndilo lililozidi, mchana ungechemka kuliko usiku, maana usiku jua halipo. Kwa jumla, huko bara duniani, imekuwa kinyume: usiku umepata ongezeko kubwa kuliko mchana. Na ukipanda juu, kupita mawingu na njia za ndege, kuna tabaka la hewa liitwalo stratosfia. Jua lingezidi, tabaka hilo nalo lingepata joto pamoja nasi. Limepoa. Kuharibika kwa ozoni kuna mkono wake katika kupoa huko, hilo halifichwi, ila kadiri unavyozidi kwenda juu ndivyo hewa ukaa inavyokuwa sababu kubwa. Ajabu ni kwamba jambo hili lilipigiwa hesabu kabla halijaonekana. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald, huko Marekani, waliiuliza kompyuta yao itakuwaje hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Jibu: chini kutapata joto, juu kutapoa. Manabe alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2021, miezi michache tu baada ya Lytton kuungua.

Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza fundi haya yote, yeye akaniita niangalie nyuma ya friji. Ule wavu mweusi wa mabomba ulikuwa hauonekani. Vumbi, nywele za paka, buibui na watoto wake, vimeshikana kama blanketi. "Unadhani friji inatengeneza baridi?" akaniuliza. "Haitengenezi. Inachota joto ndani, inalitupa hapa nyuma. Sasa hapa umepaziba, litatokea wapi? Umeme unaingia ule ule, mashine nzima, lakini maziwa yanachacha."

Umeme unaingia ule ule. Nilimwambia sina tena la kumfundisha, ameshasema.

Dunia nayo hupoa kwa kutupa joto nje, angani, kwa miali isiyoonekana kwa macho. Aliyekaa uani usiku wa mawingu anajua hali inavyokuwa: hewa imefuka, shuka halitazamiki. Usiku wa nyota ndio wa baridi. Hewa ukaa hufanya kazi ya namna hiyo hata pasipo wingu: inaupitisha mwanga wa jua ukija, ila inanasa sehemu ya lile joto linapotaka kuondoka. Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi hiyo katika chombo cha kioo, akakianika juani na kipimajoto ndani. Taarifa yake ilisomwa mbele ya wanasayansi mwaka 1856. Chombo hicho kilipata joto kuliko chenye hewa ya kawaida. Alipokiondoa juani, kilichelewa sana kupoa. Jaribio lake halikutenganisha mwanga wa jua na ile miali isiyoonekana. Hilo lilisubiri vipimo vya John Tyndall, vilivyoanza mwaka 1859. Lakini kule kuchelewa kupoa ndiko tunakohangaika nako leo.

Na hiyo gesi imetoka wapi? Charles David Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilipokuwa kama chembe 315 katika kila milioni ya hewa. Sasa zimepita 420. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ina alama yake: imekaa chini ya ardhi muda mrefu mno hata ile kaboni nururishi iliyomo katika vitu hai imekwisha kabisa, na hewa yetu ilikuwa imeanza kuonyesha upungufu huo kabla majaribio ya nyuklia hayajaichafulia hesabu. Mwanawe, Ralph Keeling, akapima oksijeni, akakuta inapungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa mahali ambapo kitu kinachomwa. Volkano zote za dunia kwa mwaka hazitoi hata sehemu moja katika mia ya tunachotoa sisi.

Fundi alikuwa na hoja ya akiba. "Dunia imewahi kuwa na joto, na viwanda havikuwepo." Kweli tupu. Enzi za barafu zilikuja na kuondoka kwa sababu njia ya dunia kuzunguka jua na mwinamo wake hubadilika taratibu, katika makumi ya maelfu ya miaka. Joto likaanza, bahari ikatoa hewa ukaa, hewa ukaa ikazidisha joto. Ila mzee kufa kwa uzee hakumwondolei hatia aliyemchoma mwenziwe kisu. Na katika barafu ya Antaktika, yenye kumbukumbu ya hewa ya miaka 800,000, gesi hiyo haikuwahi hata kukaribia kiwango cha leo.

Wapo pia waliovitilia shaka vipimajoto vyenyewe. Richard Muller, profesa wa fizikia huko Berkeley, aliona takwimu huenda zimepotoshwa na vituo vilivyomezwa na miji, maana lami na saruji hutunza joto. Badala ya kulalamika alikusanya kundi lake, wakachambua upya vipimo zaidi ya bilioni moja. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye mfuko wa tajiri wa mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba joto limepanda kweli, na kwamba chanzo chake ni binadamu, karibu chote. Mbishi wa namna hiyo namvulia kofia.

Turudi Lytton. Zile siku, mgandamizo mkubwa wa hewa ulitulia juu ya nchi, hewa ikashuka ikibanwa. Hewa ikibanwa hupata moto. Shika pampu ya baiskeli ukishajaza gurudumu. Udongo nao ulikuwa umekauka, na ardhi kavu ni kama mtungi uliokwisha maji: hautoi jasho, haupozi kitu. Hayo ni ya hali ya hewa, yangetokea hata bila kiwanda kimoja. Watafiti 27 wa kundi la World Weather Attribution walipiga hesabu ndani ya siku chache: bila mabadiliko yaliyoletwa na binadamu, joto la kiwango kile lingekuwa karibu muhali, na lingekuwa chini kwa nyuzi kama mbili.

"Mbili tu?" akauliza fundi, kisha akajikatiza mwenyewe. "Ila kwenye friza la samaki, nyuzi mbili ni barafu au maji."

Katika jimbo lote la British Columbia walikufa watu 619 kwa joto hilo. Karibu wote walikufia ndani ya nyumba, wengi wao wazee, zaidi ya nusu wakiishi peke yao. Nyumba za huko hujengwa zishike joto lisitoroke.

Alimaliza kwa brashi ya kupakia rangi, akapuliza, akachomeka waya. Kompresa ikaanza kwa sauti ya chini. Aliniomba elfu kumi na tano, na kabla sijatoa pesa akasema, "Lakini jua nalo halikosi mkono wake."

Nilimkubalia, maana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kweli lilichangia kidogo. Akafurahia hilo kuliko elfu kumi na tano.