Misumari ya Spika na Sakafu ya Mbao

Spika kubwa hutiwa miguu ya chuma iliyochongoka ili isimame imara, isitikisike. Na penye zulia ncha hizo hupenya hata zikafika sakafuni. Lakini juu ya mbao tupu huacha matundu. Spika ya kilo 20 yenye miguu minne hulemea kilo 5 kila mguu. Ncha ikiwa na eneo la milimita mraba 1 tu, ni sawasawa na kilo 500 juu ya sentimita mraba moja! Mbao gani itastahimili?

Yafaa kuweka chini ya kila ncha kisahani cha chuma chenye kishimo katikati. Hata sarafu yenye upana wa sentimita 2 huutawanya uzito huo mahali pakubwa zaidi ya mara 300, ila ncha huweza kuteleza. Chini yake gundisha kitambaa chembamba cha sufu. Sponji nene haifai, maana spika itayumba.

Sakafu yenye uwazi chini yake, kama jukwaa letu, huvuma mfano wa ngoma. Hapo mimi naona afadhali kuzifungua ncha na kutia miguu ya mpira. Mpira mwingine huacha doa juu ya vanishi, basi ujaribiwe kwanza pembeni. Tena spika isikokotwe. Ibebwe na watu wawili.