Mifuko ya Hewa Hunyanyua Nyuma ya Pikapu, Haiongezi Uzito Unaoruhusiwa

Na Mwandishi Wetu

Pikapu iliyosheheni matenga ya nyanya ikitoka Ilula, mkoani Iringa, hutambulika kwa mbali: nyuma imekaa chini, pua imeinuka, na usiku taa zake humulika macho ya dereva anayekuja badala ya barabara. Hali hiyo hupunguza pia mshiko wa magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza gari na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kwa dereva anayejiandaa kuteremka Mlima Kitonga, hilo si jambo dogo.

Kwa muda mrefu mafundi wameitibu hali hiyo kwa kuongeza bapa moja au mawili kwenye springi za nyuma. Dawa hiyo husaidia gari likiwa na mzigo, lakini likirudi tupu hurukaruka na kumchosha kila aliyemo. Mifuko ya hewa hufanya kazi tofauti. Ni mapira mazito yaliyoimarishwa kwa nyuzi, yanayofungwa kati ya ekseli na chesisi, moja kila upande, ili kuzisaidia springi zilizopo bila kuziondoa. Upepo huongezwa au kupunguzwa kulingana na mzigo.

Kabla ya kupakia, mmiliki anashauriwa kupima kwa futikamba kimo kutoka kitovu cha gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi. Baada ya kupakia, upepo uongezwe hadi kimo hicho kikaribie kurejea, si zaidi. Kipimo cha chini na cha juu ni kile alichoandika mtengenezaji wa mifuko. Kwa mingi ya aina hii huwa kati ya paundi 5 na 100 kwa inchi ya mraba. Gari lisiendeshwe mifuko ikiwa haina upepo kabisa, kwani pira hubanwa na kukatika. Ni vyema kila mfuko uwe na bomba lake, maana mifuko iliyounganishwa hupitishana hewa kwenye kona na gari huzidi kulala upande mmoja. Viungio vikaguliwe kwa maji ya sabuni, na mfuko ukae mbali na bomba la moshi.

Hata hivyo, kimo kikirejea, uzito haujapungua. Ekseli, matairi, breki na chesisi ni vilevile, na chesisi iliyozidishiwa mzigo nyuma ya ekseli huweza kupinda pale mfuko unapoisukuma. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, hivyo pikapu nyingi hazipiti kwenye mizani. Dereva mwenyewe ndiye mizani yake.

Lipo pia suala ambalo wengi hawalifahamu. Baadhi ya pikapu zina vali ya breki za nyuma inayokadiria mzigo kwa umbali uliopo kati ya ekseli na chesisi. Mifuko inapoinua bodi, vali hiyo hulichukulia gari kuwa tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, ilhali mzigo bado upo. Vali yenyewe ni kifaa kidogo chenye wenzo mwembamba karibu na ekseli, rahisi kusahaulika gereji. Mmiliki amwombe fundi amwoneshe ilipo, na ahakikishe imerekebishwa kwa mwongozo wa mtengenezaji wa gari kabla ya kulipa.