Muziki wa Kongo kwenye rafu za maduka huru: diski saba za kutafuta na kusikiliza

Katika maduka huru ya diski ya London, Bruxelles na Paris, rafu ya muziki wa Kongo haijawahi kukauka. Kila mwaka diski mpya zinafika, nyingine za vijana wanaopiga muziki leo, nyingine za wazee waliorekodiwa kabla ya uhuru na ambazo zimetolewa upya. Wauzaji wanazisikiliza, wanachagua, kisha wanawaambia wateja: hii usiiache.

Duka huru ni lile lisilo tawi la kampuni kubwa. Mwenye duka ndiye anayeamua kitu gani kiingie, na mara nyingi anaandika mistari michache kwenye kadi ndogo na kuibandika juu ya diski: imetoka wapi, nani anapiga gitaa, kwa nini inafaa. Simu inampendekezea mtu wimbo unaofanana na ule aliousikiliza jana. Muuzaji wa diski anaweza kumpa kitu ambacho hakujua kama kipo. Ndiyo maana maduka haya hayakufa baada ya kuja kwa intaneti. Tangu 2008 yana hata siku yao kila mwaka, Record Store Day, ambayo ilianzia Marekani.

Kwa muziki wa Kongo, maduka mawili ya London yalifanya zaidi ya kuuza. Stern's lilianza kama duka la vifaa vya umeme ambalo liliuza pia diski kutoka Afrika, na wanafunzi Waafrika wakawa wateja wake. Katika miaka ya 1980 likageuka kuwa duka la muziki wa Afrika na pia nyumba ya diski, yaani kampuni inayotoa muziki. Ndilo lililokusanya nyimbo za Tabu Ley Rochereau katika The Voice of Lightness mwaka 2007, na za Franco katika Francophonic mwaka 2008. Honest Jon's, lililofunguliwa 1974, nalo lilianzisha nyumba yake ya diski, na mwaka 2009 likatoa The World Is Shaking, mkusanyo wa nyimbo za Kongo za 1954 na 1955 zenye mapigo ya Cuba.

Msikilizaji wa Goma, Bukavu, Bunia, Kindu, Kalemie au Lubumbashi ana maswali mawili. Kati ya diski zilizopo, zipi zinastahili muda wake? Na je, sauti ya mashariki na ya Katanga imo, au ni Kinshasa peke yake?

Congo Funk! (Analog Africa, 2024)

Analog Africa ni nyumba ya diski ya Ujerumani inayotafuta nyimbo za zamani za Afrika na kuzitoa upya. Mkusanyo huu una nyimbo 14 za Kinshasa na Brazzaville, kati ya 1969 na 1982. Ni miaka ambapo vijana wa pande mbili za mto walikuwa wanasikiliza soul na funk ya Marekani, na mwaka 1974 James Brown mwenyewe alipiga Kinshasa katika tamasha la Zaïre 74, wiki chache kabla ya pigano la Ali na Foreman. Mtu aliyezoea rumba ya polepole atashangaa. Besi iko mbele, ngoma ni nzito, na gitaa la sebene linakutana na tarumbeta za mtindo wa Marekani.

Kwa watu wa mashariki kuna sababu nyingine ya kuitafuta: yumo Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, mmoja wa wanawake wa kwanza wa nchi hii kujaza kumbi kubwa za Ulaya. Aliaga dunia mwaka 1994, na vijana wengi wanamjua kwa jina tu.

Butu, ya Kokoko! (Transgressive, 2024)

Jina la albamu ni la Kilingala, maana yake usiku, na kweli ni muziki wa Kinshasa ya usiku: kelele za barabara, sauti ya mtu anayeita kwa megafoni, mapigo ya haraka ya kuchezea hadi asubuhi. Kundi hili lilijulikana kwa vyombo vilivyoundwa kwa chupa, makopo na vyuma vilivyotupwa. Katika albamu ya kwanza, Fongola ya 2019, vyombo hivyo vilisikika sana. Katika Butu mashine za umeme zimechukua nafasi kubwa zaidi, na sauti ya mwimbaji Makara Bianko ndiyo inayobeba kila kitu. Si muziki wa kusikiliza ukitafuta usingizi.

N'Djila Wa Mudjimu, ya Lady Aicha na Pisko Crane's Original Fulu Miziki Band of Kinshasa (Nyege Nyege Tapes, 2023)

Fulu kwa Kilingala ni takataka. Pisko Crane ndiye aliyeanzisha wazo la Fulu Miziki: kuokota mabomba ya plastiki, madumu na vyuma vya magari, kutengeneza vyombo, kisha kushona hata mavazi na vinyago kwa vitu hivyohivyo. Lakini anayefikiri kwamba ni mchezo wa kuchekesha wazungu asikilize kwanza. Mapigo yamepangwa vizuri, na sauti ya Lady Aicha inayaongoza bila kuzidiwa.

Na Zala Zala, ya Rey Sapienz & The Congo Techno Ensemble (Nyege Nyege Tapes, 2021)

Diski hii inagusa mashariki moja kwa moja. Rey Sapienz ametoka mashariki mwa Kongo na kazi yake ameijenga Kampala. Yeye ni mmoja wa waanzilishi wa Hakuna Kulala, nyumba ndogo ya diski ambayo jina lake halihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Ndani ya albamu kuna rap, soukous iliyovunjwavunjwa, na mashine zinazogonga kama nyundo. Ni muziki wa kijana aliyekulia kwenye vita na akaenda kutafutia maisha ng'ambo ya mpaka. Mikimbio hiyo, Wakongo wengi wa Kivu na Ituri wanaijua.

137 Avenue Kaniama, ya Baloji (Bella Union, 2018)

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Wengi walimjua zaidi mwaka 2023, filamu yake Augure ilipopata zawadi Cannes. Lakini kabla ya sinema kulikuwa na muziki, na albamu hii ni mahali pazuri pa kuanzia. Anaimba na kurap kwa Kifaransa, juu ya magitaa ya Kongo na mashine za Ulaya. Nyimbo nyingine ni ndefu, zinabadilika katikati kama hadithi yenye sura mbili. Yafaa kuisikiliza yote kwa mpango wake, si wimbo mmojammoja.

Origins of Guitar Music (SWP Records)

Kwa wasemaji wa Kiswahili, huenda hii ndiyo diski ya maana kuliko zote. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alipita Katanga na kaskazini mwa Zambia katika miaka ya 1950. Mwaka 1952, Jadotville, yaani Likasi ya leo, alimrekodi kijana mmoja aliyepiga gitaa peke yake kwa kidole gumba na cha shahada, lakini ukisikiliza ungefikiri ni watu wawili. Kijana huyo ni Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake Masanga ukawa shule ya wapiga gitaa kuanzia Lubumbashi hadi Nairobi. Mwaka 1969 alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

SWP, nyumba ndogo ya diski ya Uholanzi, ilizikusanya rekodi hizo na kuzitoa upya. Kiswahili kinachosikika humo ni kile cha migodi na cha kambi za wafanyakazi, si cha kitabu. Ni sauti ya babu za watu walio hai leo. Nyumba hiyohiyo ilitoa pia On the Edge of the Ituri Forest, rekodi za Tracey za mwaka 1952 kutoka kaskazini mashariki mwa nchi.

Giants of East Africa, ya Orchestre Super Mazembe (Earthworks, 2001)

Kabla ya jina hilo kuwa la timu ya mpira masikioni mwa wengi, Mazembe ilikuwa pia orkestra. Ilianza Kongo kwa jina la Super Vox, ikiongozwa na Mutonkole Longwa Didos, ikapita Zambia, na mwaka 1974 ikafika Nairobi. Huko wakaimba Shauri Yako na Kasongo, nyimbo ambazo Wakenya wanazihesabu kuwa zao. Mwishoni mwa 2024, Kasongo ilirudi midomoni mwa vijana wa Kenya, safari hii kama utani wa kisiasa dhidi ya rais wao. Wachache kati yao walijua kwamba waliouimba walikuwa Wakongo.

Faida inakwenda wapi?

Diski kubwa ya mzunguko 33 inauzwa Ulaya kati ya euro 25 na 35 hivi. Swali linalokuja haraka ni kiasi gani kinamfikia mwanamuziki au familia yake.

Jibu linategemea haki mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya mtunzi wa wimbo. Kwa sheria ya Kongo ya mwaka 1986, haki hiyo inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mfano, nyimbo za Bosco zinalindwa hapa nchini hadi 2040, na warithi ndio wenye kudai. Haki ya pili ni ya rekodi yenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazina tena ulinzi huo. Yaani mtu anaweza kuitoa upya diski ya 1955 bila kumlipa mwenye rekodi, lakini bado anadaiwa na mtunzi. Nyumba za diski zenye heshima huwatafuta wanamuziki au watoto wao na kuandikiana mkataba. Nyingine hazijisumbui.

Familia ambayo haikuandikisha nyimbo za mzee wao haina karatasi ya kuonyesha siku hiyo. SOCODA ndiyo shirika la kukusanya haki za watunzi nchini, na kuandikisha wimbo mapema ni rahisi kuliko kuutafutia mashahidi baada ya miaka 40.

Kuna hasara nyingine isiyohitaji mwanasheria. Kiwanda cha MAZADIS cha Kinshasa kilikuwa kinatengeneza diski. Kaseti zikaja, kisha CD, kisha simu. Mashariki, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika katikati ya mji wa Goma, na vita vimehamisha watu mara nyingi. Familia inapokimbia inabeba watoto, chungu na godoro. Kaseti za orkestra ya mtaa zinabaki. Ndiyo sababu leo sauti ya Likasi ya 1952 inapatikana kwa urahisi Uholanzi kuliko Likasi.

Kwa asiye na chombo cha kuchezea diski, nyingi kati ya hizi zinasikilizwa kwa simu, na kwenye Bandcamp mtu anaweza kununua nyimbo bila diski yenyewe, kwa bei ndogo zaidi, sehemu kubwa ya pesa ikienda kwa msanii au nyumba yake. Na mwenye sanduku la kaseti au diski za wazazi nyumbani asiharakishe kulitupa. Alikinge na jua na unyevu, aandike majina ya waimbaji wakati bado kuna mzee wa kumuuliza, na atafute mtu wa kuzihamisha kwenye kompyuta. Diski ambayo duka la London litaipendekeza miaka kumi ijayo huenda sasa hivi iko chini ya kitanda Bukavu au Kalemie.