Je, Wajua Punda Husimama kwa Kucha Nne?

Weka kiganja mezani, kisha kiinue taratibu mpaka uzito wote wa mkono ubaki kwenye ukucha wa kidole cha kati, vidole vingine vikining'inia hewani. Ukivumilia dakika moja utaanza kumwelewa punda. Kila mguu wake unaishia kwenye kidole kimoja tu, na kidole hicho kimevikwa ukucha mnene unaokizunguka kama subana ya mshonaji. Ukucha huo ndio ukwato. Umejengwa kwa keratini, kitu kilekile kilichomo katika kucha na nywele zetu, nao haukomi kukua.

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari halipiti. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, vyote hupanda mgongoni mwa punda. Watu hutazama shogi limejaa vipi. Chini, kwenye kucha nne zinazobeba yote hayo, ni wachache wanaotazama.

Asubuhi moja nilisimama karibu na punda mmoja wa kijivu pale ufukoni. Mguu wake wa mbele wa kushoto alikuwa ameutanguliza hatua moja, kisigino kikigusa chini kwa woga.

"Ami, huyu haumwi?" nilimuuliza mzee mwenye punda.

"Haumwi, mwanangu. Ni uvivu. Tangu juzi hataki kazi."

Sikumlaumu mzee yule. Punda ana tabia inayowaponza wenziwe wote: huficha maumivu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita, na jamaa zake wa porini wangalipo hadi leo, wachache mno, katika nchi kame za Eritrea na Ethiopia. Huko anayechechemea hadharani ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo pale ambapo farasi angeinua mguu na kukataa kukanyaga, punda atapunguza tu mwendo, atalala zaidi ya kawaida, atakula bila hamu, masikio yatalegea. Twasema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda anayerusha teke kila ukigusa mguu mmoja, na ule ule, anakuonyesha panapouma.

Kwa kuwa punda hasemi, ukwato wake ndio wa kusomwa. Hukua kuanzia juu, pale nywele zinapokomea, kuelekea chini, kwa kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hata pembe, yaani ile keratini ngumu ya ukwato, iliyochipuka leo huchukua karibu mwaka mzima kufika ardhini. Kilichompata punda miezi sita iliyopita kimeandikwa katikati ya ukuta wa ukwato wake. Homa kali, njaa, kubadilishiwa malisho ghafla, vyote huacha mstari. Mistari iliyolingana nafasi haina neno. Ukiona iliyobanana mbele na kutanuka kuelekea kisigino, mnyama huyo alishapata uvimbe mkubwa ndani ya ukwato, hata kama mwenyewe hakumbuki siku ambayo punda wake aliugua.

Kosa linaloonekana mapema zaidi ni urefu. Ukimtazama punda kwa ubavuni, uso wa mbele wa ukwato na mfupa mfupi ulio juu yake huwa vimelala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ncha ikiachwa irefuke, mstari huo huvunjika. Kila hatua inakuwa kama kung'oa msumari kwa mpini mrefu: ncha inakataa kuachana na ardhi, na mishipa minene ya nyuma ya mguu inavutwa kuliko ilivyoumbwa. Ukiachwa zaidi, ukwato hujikunja kwenda juu kama kiatu chenye ncha iliyopinda, na punda hutembea kwa visigino. Punda wa kazi hupunguza kwato zake kwenye sakafu na mawe, ila hazipungui sawasawa. Yule anayefungwa uani siku nzima hapunguzi kitu. Wote wawili wanahitaji kukatwa kwato, kwa kawaida kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa mkazo, kwa sababu mafundi wengi wa kwato wamejifunza kwa farasi. Ukwato wa punda si ukwato wa farasi uliopunguzwa. Umesimama wima zaidi, ni mwembamba zaidi, na pembe yake hushika maji mengi kuliko ya farasi. Fundi anayeulaza ili ufanane na wa farasi anamharibia mnyama kwa mikono yake mwenyewe. Na ukwato uliokwisha kurefuka sana haurudishwi kwa siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mishipa na viungo vipate kuzoea.

Inua mguu sasa, utazame chini yake. Katikati utaona kipande laini chenye umbo la pembetatu, ncha yake ikielekea mbele, na mifereji miwili ubavuni. Kipande hicho hufanya kazi kubwa: punda akikanyaga hukandamizwa, na pamoja na tishu zilizo juu yake husaidia kuisukuma damu irudi juu ya mguu. Katika mifereji hiyo ndimo kinyesi na tope hujificha. Masika yakiingia na zizi likilowa, vijidudu visivyopenda hewa huanza kula pembe. Hutahitaji darubini. Pua itakuambia: harufu ya uozo, na ute mweusi ukikwangua. Ukiugundua uozo huo mapema, tiba yake iko mikononi mwako: safisha kila siku, kausha, na mhamishie mnyama pakavu. Dawa yoyote utakayopaka bila kukausha zizi ni kumwaga maji kwenye pakacha. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa visikaribie kabisa.

Uvimbe wa ndani ni jambo jingine, tena la kutisha. Mfupa wa mwisho wa mguu haukukalia kitako cha ukwato; umening'inizwa. Majani membamba ya nyama yapatayo 550 hadi 600, kila moja likiwa na vijani vidogo, yanashikana na majani ya pembe kama kurasa za vitabu viwili zilizopachikwa kurasa kwa kurasa. Punda akiingia stoo akala mahindi mengi kwa pupa, au akinenepeshwa kupita kiasi, au kondo la nyuma likibaki tumboni baada ya kuzaa, majani hayo huvimba ndani ya kasha gumu lisilotanuka. Yakiachana, mfupa huinama na unaweza kutoboa unyayo. Shika ukwato kwa kiganja: una moto. Weka vidole nyuma ya mguu, juu kidogo ya ukwato: mshipa unapiga kwa nguvu. Mnyama anaegemea nyuma kuukimbia uzito wake mwenyewe. Hiyo ni dharura. Mwite daktari wa mifugo, msimamishe kazi saa hiyohiyo, mpe mchanga mwingi laini wa kusimamia, mpoze kwato kwa maji baridi, na usimtembeze kwa nguvu ati apate kuchangamka.

Yule wa ufukoni hakuwa na ugonjwa huo. Lamu ina bahati moja: shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza na Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kliniki ya punda mjini humo mwaka 1987, na kwa miaka mingi wenyeji wamezoea kuona punda akitibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Mzee alikubali kuita mtaalamu wa kwato, kijana mwenye aproni ya ngozi na kisu kilichokunjwa ncha. Kijana aliupachika mguu kati ya mapaja yake, akakwangua tope, akaanza kubana unyayo kwa koleo, sehemu baada ya sehemu. Alipofika karibu na ncha, punda akatetemeka mwili mzima.

Palikuwa na kidoa cheusi kisichozidi punje ya pilipili manga. Kijana akakifuata kwa ncha ya kisu, taratibu, pembe ikitoka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Ghafla kikaruka kijimaji cha kijivu, chenye uvundo. Jipu. Kijiwe au kipande cha msumari kilikuwa kimefungua njia, usaha ukajaa mahali pasipo nafasi ya kuvimba, na kila hatua ilikuwa kukanyaga jipu hilo kwa uzito wa mwili pamoja na saruji.

"Na mimi nampiga fimbo," mzee alisema kwa sauti ya chini.

Kijana akautumbukiza mguu katika ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli, kisha akaufunga kwa pamba na kitambaa, na juu akavisha kipande cha mpira wa tairi. Akauliza kama punda amewahi kuchanjwa pepopunda. Mzee akatikisa kichwa. Lugha yetu imelitia jina la punda ndani ya ugonjwa huu, nao kweli humshambulia punda na farasi kwa urahisi kuliko wanyama wengi. Vijidudu vyake vinakaa udongoni na kwenye samadi, na tundu dogo lisiloingia hewa, kama lile, ndilo lango vinalolipenda. Mwili hukakamaa, taya hufunga, masikio husimama, na mara nyingi mnyama hufa. Chanjo ipo, na mtu anayeshika kwato kila siku achanjwe na yeye.

Tulibaki pale kama robo saa. Punda aliushusha mguu, akagusa chini kwa ncha, akauinua, akaushusha tena. Mara ya tatu akauachia uzito. Kisha akapumua kwa puani, pumzi ndefu, akainamia majani yaliyokuwa mbele yake tangu alfajiri.

Mzee alivua shogi, akalitundika. Kijana alimwambia siku kumi bila mzigo, kubadilisha bendeji kila siku, na kwato zote nne zikatwe baada ya wiki nane. Mzee akaokota kipande cha mkaa, akaiandika tarehe ukutani, juu ya kamba ya kumfungia punda.